Wasifu wa kwanza: Kijana ataje sifa zake bila ya kujisifu



Tumeona tuzungumzie jambo ambalo limeingia katika nyumba zetu nyingi na kukaa humo kama mgeni asiyeaga. Kijana amemaliza kidato cha nne, cha sita au chuo. Ameliona tangazo la kazi. Tangazo linataka barua ya maombi, nakala za vyeti, wasifu wa mwombaji na majina ya wadhamini watatu. Barua ataiandika, vyeti anavyo, lakini akifika kwenye wasifu, ule ambao vijana wameuzoea kwa jina la CV, kalamu inasimama. Anamtazama baba yake na kuuliza: “Niandike nini nami sijawahi kufanya kazi?”

Mara nyingi baba naye hana jibu. Wazazi wengi wa rika letu waliingia kazini kwa kushikwa mkono na mjomba au jirani, au walijiajiri wenyewe dukani, shambani na baharini, na hawakuwahi kuandika karatasi ya namna hii maishani mwao. Kwa hiyo kijana huachwa peke yake, na mbele yake huona milango miwili tu. Mmoja ni kwenda steshenari, akachapiwa wasifu wa mtu mwingine uliobadilishwa jina. Wa pili ni kutunga kazi ambazo hakuzifanya. Makala haya yanakusudia kuonesha kwamba upo mlango wa tatu, ulio wa halali na wenye manufaa zaidi, na kwamba ufunguo wake umo mikononi mwa familia yenyewe.

Neno lenyewe linatufundisha

Neno wasifu limetoka katika lugha ya Kiarabu, kwenye asili yenye maana ya kueleza kitu kilivyo. Katika asili hiyohiyo Kiswahili kimepata neno sifa, na hapa ndipo penye mazingatio. Kwetu sisi Waswahili sifa ina maana mbili. Sifa ni hali au uwezo ambao mtu anao kweli, kama tunaposema kuwa fulani ana sifa za kuwa dereva. Na sifa ni maneno ya kumtukuza mtu, ambayo akijipa mwenyewe tunasema anajisifu. Wasifu wa kazi unahitaji sifa kwa maana ya kwanza. Tatizo la vijana wetu wengi ni kwamba wameujaza sifa za maana ya pili.

Chukua wasifu wowote uliochapwa mtaani uusome. Utakuta mwenyewe ameandika kuwa ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma, anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa, na kwamba anapenda kusoma vitabu, kusafiri na kubadilishana mawazo. Chukua wa jirani yake, utakuta maneno ni hayohayo, kwa mpangilio uleule. Mwajiri aliyepokea bahasha mia moja amesoma kuwa watu mia moja ni wachapakazi, na hakuna hata mmoja aliyemwonesha kazi aliyoichapa. Wakati mwingine msomaji hukuta katikati ya ukurasa jina la shule au kijiji cha mtu wa kwanza aliyechapiwa, kwa sababu mchapaji alisahau kulifuta.

Kanuni ya kumsaidia kijana ni nyepesi. Neno la kumpamba, awaachie wengine walitamke. Tendo ambalo amelifanya, na ambalo mtu akiuliza ataonesha lilifanyika wapi, lini na mbele ya nani, hilo aliandike.

Mfano wa Nabii Musa na Nabii Yusuf

Wapo wanaodhani kuwa kutaja sifa zako ni kujitakasa, na kujitakasa kumekatazwa. Wapo pia wanaodhani kwamba asiyewahi kuajiriwa hana la kutaja. Kurani Tukufu ina visa viwili vinavyowajibu watu hao wote.

Katika Sura ya Al-Qasas tunasimuliwa kuwa Nabii Musa (AS) alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana mali wala mwenyeji. Alikuwa amekulia katika jumba la Firauni, na hakuna aliyemjua kuwa ni mchungaji. Kisimani akawakuta wanawake wawili wanaozuia wanyama wao pembeni wakisubiri wachungaji waondoke. Akawanyweshea wanyama wao, hakudai ujira, akaenda kukaa kivulini. Baadaye mmoja wa mabinti wale alimshauri baba yake amwajiri mtu huyo, na akatoa sababu mbili: nguvu na uaminifu. Sifa hizo hawakuziona katika cheti chochote. Waliziona katika kazi moja ya kujitolea iliyofanywa mchana mmoja pale kisimani. Kutokana na tendo hilo Musa akapata mkataba wa miaka minane, na kumi ikiwa angependa kutimiza.

Nabii Yusuf (AS) naye, baada ya kutolewa gerezani, alimwomba mfalme wa Misri amkabidhi hazina za nchi, na akajieleza kwa mambo mawili: kwamba ni mwenye kuhifadhi na ni mwenye ujuzi. Imamu Qurtubi, katika tafsiri yake, ameeleza kuwa hapo pana dalili ya kuruhusiwa mtu kujieleza kwa ujuzi na ubora alionao pale ambapo haja ipo na anayoyasema ni kweli. Nasi tuangalie pia yale ambayo Yusuf hakuyasema katika ombi lile. Alikuwa mwana wa Yaakub, mjukuu wa Is-haka, kitukuu cha Ibrahim, lakini nasaba hakuitaja. Alikuwa na uzuri uliowashangaza watu, nao hakuutaja. Kazi iliyokuwepo ilikuwa ya kutunza chakula cha nchi kuelekea miaka ya njaa, naye akataja sifa mbili tu zinazogusa kazi hiyo.

Visa hivi viwili vinamtosha kijana wetu. Kwa Musa anajifunza kuwa tendo lisilolipwa ni ushahidi wa uwezo. Kwa Yusuf anajifunza kuchagua, katika mengi aliyonayo, yale yanayoihusu kazi anayoiomba.

Uzoefu unatokana na kuzoea

Tumezoea kuyachanganya mambo mawili, kazi na ajira. Ajira ni mkataba kati ya mtu na mwajiri wake kwa malipo. Kazi ni pana zaidi. Na neno uzoefu limetokana na kuzoea, yaani kulifanya jambo mara nyingi mpaka likawa jepesi mkononi. Halielezi ni nani aliyelipa. Binti aliyeshika daftari la mauzo ya mama yake kwa miaka mitatu ana uzoefu wa kutunza hesabu, hata kama hajawahi kupokea mshahara.

Tunazishauri familia zitenge jioni moja, baada ya sala ya Isha, wakae na kijana wao na daftari mkononi. Baba, mama, kaka na dada wamuulize maswali manne, na majibu yaandikwe bila kuchujwa kwanza.

Swali la kwanza: ni nani aliyewahi kukukabidhi fedha, na ulizitumia au kuzitunza vipi? Hapa litatoka duka la mjomba, kibanda cha kutuma na kupokea fedha kwa simu, michango ya harusi, mfuko wa futari ya shuleni.

Swali la pili: ni nani aliyewahi kukukabidhi watu? Hapa watatoka watoto wa madrasa, wadogo zake aliowafundisha hesabu wakati wa likizo, bibi mgonjwa aliyekuwa akimpa dawa kwa saa zake, timu ya mpira wa miguu aliyokuwa nahodha wake.

Swali la tatu: ni nani aliyewahi kukukabidhi funguo, vifaa au mashine? Hapa kitatoka cherehani, kipaza sauti cha msikiti, kompyuta ya shule, pikipiki, chombo cha uvuvi, maabara ambayo alikuwa kiongozi wake.

Swali la nne ndilo lenye uzito kuliko yote: ni kazi gani iliyokuwa ikisimama, au kuharibika, siku ambayo wewe hukuwepo? Jibu la swali hili ndilo mstari wa kwanza wa wasifu wake.

Wapo pia waliofanya kazi za muda mfupi wakazisahau. Maelfu ya vijana walikuwa makarani wa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022. Walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, wakauliza maswali mengi kwa watu wa kila aina na kutunza siri za kaya walizozihesabu. Wapo waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013. Wapo waliofanya mafunzo kwa vitendo ofisini wakiwa chuoni. Mambo yote hayo yana tarehe, mahali na msimamizi, na yote yanastahiki kuandikwa.

Tuchukue mfano wa binti mmoja

Tuseme yupo binti aliyemaliza kidato cha sita mwaka 2024, anaishi Temeke, na anasema hana uzoefu wowote. Asubuhi za likizo alimsaidia mama yake kuuza vitumbua na chapati. Jioni alifundisha watoto madrasa. Shuleni alikuwa mweka hazina wa jumuiya ya wanafunzi. Nyumbani alimuuguza bibi yake mwenye kisukari. Akiachwa peke yake ataandika: “Uzoefu: sina.” Akikaa na familia yake ataandika namna hii:

“Mwalimu msaidizi, madrasa ya msikiti wa mtaa, Januari 2022 hadi Aprili 2024. Nilifundisha watoto 25 wa miaka 6 hadi 9 kusoma herufi na sura fupi, siku 3 kwa wiki. Nilitunza daftari la mahudhurio na kuzungumza na wazazi wa watoto waliobaki nyuma.”

“Msaidizi katika biashara ya familia ya vitafunwa, 2019 hadi sasa. Ninaandika mauzo ya kila siku, ninanunua unga na mafuta, na ninapokea malipo kwa fedha taslimu na kwa simu.”

“Mweka hazina wa jumuiya ya wanafunzi, 2023. Nilikusanya michango ya wanafunzi 60 kwa ajili ya futari na kuisoma taarifa ya mapato na matumizi mbele ya wanachama.”

Msomaji aangalie kuwa katika mistari hiyo halimo neno mchapakazi wala neno mwaminifu, lakini anayeisoma atayatamka yote mawili kwa ulimi wake. Kila mstari una jina la kazi, mahali, muda, idadi na tendo. Idadi ni muhimu sana, kwa sababu kufundisha watoto watano na kufundisha watoto ishirini na tano ni mambo mawili tofauti. Na idadi hiyo iwe ya kweli. Kama hakumbuki sawasawa, aandike “takriban 20” kuliko kuandika 40.

Kisha aige uteuzi wa Yusuf. Kama nafasi ni ya msaidizi wa shule ya awali, mstari wa madrasa utangulie. Kama ni ya mhudumu wa dukani au keshia, biashara ya familia na uweka hazina vitangulie. Kama anaomba nafasi ya mhudumu katika kituo cha wazee, hapo ndipo atakapoeleza jinsi alivyomhudumia bibi yake, alivyompima sukari na kusimamia dawa na mlo wake. Hivyo wasifu mmoja hautoshi kupelekwa kila mahali. Kila ombi linahitaji karatasi kupangwa upya, ingawa matendo ni yaleyale.

Tunapenda kulitilia mkazo suala la madrasa. Baadhi ya vijana hulificha wakidhani halina thamani mbele ya mwajiri. Kumpanga mtoto wa miaka sita akae, asikilize na arudie mpaka ahifadhi ni kazi ya ualimu, na aliyeifanya kwa miaka miwili ana jambo la kueleza. Aliyehifadhi juzuu kadhaa na kushiriki mashindano ameonesha nidhamu ya kudumu na kazi ndefu bila kuchoka. Akiandika, aeleze majukumu yaliyofanyika, ili hata mwajiri asiyeijua madrasa aelewe ni kazi gani iliyokuwa ikifanyika humo.

Mpangilio wa karatasi yenyewe

Kwa anayeanza, ukurasa mmoja au miwili unatosha. Juu kabisa ni jina lake, liandikwe kama lilivyo katika vyeti. Jambo hili limewasumbua wengi katika jamii yetu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha kidato cha nne kinasema Mohammed, na kitambulisho kinasema Muhammad. Kwa familia ni jina moja, lakini kwa mkaguzi wa nyaraka ni watu watatu. Wazazi wenye watoto wadogo walirekebishe mapema kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa taifa, na ambaye tofauti hiyo imeshatokea aonane na mwanasheria ili aandae hati inayotakiwa na mamlaka husika.

Chini ya jina ziwepo namba ya simu inayopatikana na anwani ya barua pepe yenye jina lake halisi. Anwani za utani, ambazo kijana alizifungua akiwa shuleni ili kuwafurahisha wenzake, azihifadhi kwa wenzake hao. Kisha ije elimu, kuanzia ya karibuni kurudi nyuma, ikiwa na jina la shule na miaka. Baadaye kazi na majukumu kama tulivyoeleza, mafunzo mafupi, lugha anazozimudu, na mwisho wadhamini. Kwa asiye na ajira, elimu inaweza kutangulia, na kwa ambaye majukumu yake yanaigusa kazi moja kwa moja, hayo yapande juu.

Sura nyingi za zamani za wasifu zina nafasi ya dini, kabila na hali ya ndoa. Kwa kawaida mambo hayo hayana haja ya kuandikwa, isipokuwa pale fomu inapouliza kwa sababu inayoeleweka. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ikiwemo dini, kabila, jinsia na hali ya ndoa, na inamlinda hata anayeomba kazi. Nafasi hiyo katika karatasi ni bora ijazwe matendo.

Kuhusu lugha, afuate lugha ya tangazo au ile iliyoruhusiwa. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yamekuwa yakiruhusu barua za Kiswahili au Kiingereza. Kijana asiandikiwe Kiingereza cha mtu mwingine ambacho siku ya usaili hataweza kukizungumza. Na anayeomba kupitia Ajira Portal ayasome masharti yote kwanza, maana matangazo hayo husisitiza kuwa hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi badala ya vyeti vyenyewe, na wengi huondolewa kwa sababu ndogo kama hizo kabla wasifu wao haujasomwa.

Nafaka kavu juu, mbichi chini

Sasa tuje kwenye mlango ule wa pili, wa kutunga. Imesimuliwa katika hadithi sahihi kuwa Mtume (SAW) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani na vidole vikakuta unyevu. Muuzaji alijitetea kuwa ni mvua iliyoinyeshea. Mtume (SAW) akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akaonya kuwa mwenye kuwahadaa watu si katika wao.

Wasifu wenye kazi za uongo ni rundo hilo hilo. Juu ni mkavu, na mwajiri anaununua kwa mshahara wa kila mwezi asijue kilichomo ndani. Kwa hiyo jambo hili halimaliziki siku ya usaili. Anayeipata kazi kwa cheti kisicho chake anaendelea kupokea malipo ya udanganyifu ule mwezi baada ya mwezi, na kwa malipo hayo analisha mkewe, watoto wake na wazazi wake. Familia inayosema “wote wanafanya hivyo” ijiulize kama ipo tayari kuketi kwenye mlo huo kwa miaka thelathini.

Na hata katika hesabu za dunia jambo hili lina hasara. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyobainisha watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini. Miongoni mwao walikuwemo waliotumikia kwa miaka mingi, wenye watoto mashuleni na mikopo ya nyumba. Kijana wa leo asidhani kuwa uongo wa barua ya uzoefu iliyonunuliwa kwa rafiki mwenye muhuri ni mdogo. Kughushi nyaraka ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na simu moja kutoka kwa mwajiri inatosha kulifichua.

Ipo hali moja ambayo vijana hutuuliza mara kwa mara. Je, aliyepata daraja la chini alazimike kuliandika kwa herufi kubwa? Tunasema kuwa kunyamaza si sawa na kusema uongo. Anaweza kuandika shule, mwaka na aina ya cheti, na cheti chenyewe kikaeleza matokeo. Lakini akiulizwa, ajibu kweli. Na tangazo likitaka kiwango maalumu ambacho hana, asijifanye anacho, bali atafute nafasi inayolingana naye. Vilevile jambo ambalo kulificha kunaweza kudhuru watu, kama dereva kutokuwa na leseni, hilo haliruhusiwi kunyamaziwa kamwe.

Wadhamini ni mashahidi

Waislamu tuna urithi mkubwa katika kuandika wasifu za watu. Wanazuoni wa hadithi walianzisha elimu ya wapokezi, wakaandika juu ya kila msimulizi: alizaliwa lini, alisoma kwa nani, alisafiri wapi, kumbukumbu yake ilikuwaje na ni nani waliomthibitisha au kumtilia shaka. Ibnu Saad, aliyefariki mwaka 845, aliandika Tabaqat, na Imamu Bukhari aliandika At-Tarikh al-Kabir kwa kazi hiyo. Hawakutosheka na mtu kujisemea. Walitafuta watu waliomjua, tena waadilifu.

Mdhamini katika wasifu wa kazi ana nafasi ya namna hiyo. Kwa hiyo asiwe baba, mama wala shangazi, kwa sababu ushahidi wao una mapenzi ndani yake. Awe mwalimu aliyemfundisha, msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, mudiri wa madrasa, imamu, au kiongozi wa serikali ya mtaa anayemfahamu kwa kazi fulani. Kijana amwendee kwanza, amwombe ruhusa, amwachie nakala ya wasifu na amweleze ni kazi gani anaiomba. Ni aibu mdhamini kupigiwa simu na kusema hamjui aliyemtaja.

Nasi masheikh, walimu na maimamu tulioombwa ushahidi huu tumche Mwenyezi Mungu. Tusimthibitishe tusiyemjua kwa sababu tu ni mtoto wa mjumbe wa kamati. Na tusimnyime ushahidi kijana maskini aliyefagia msikiti na kuwafundisha watoto wetu kwa miaka mitatu, kwa kisingizio kwamba hatuna muda wa kuandika.

Wito kwa madrasa na misikiti

Hapa tunalo ombi mahsusi. Maelfu ya vijana wetu wanafundisha, wanasimamia futari, wanakusanya michango, wanaosha na kuzika maiti, wanaongoza vikundi vya usafi. Wanapoondoka hawapewi hata karatasi moja. Tunaziomba kamati za misikiti na uongozi wa madrasa ziweke daftari lenye jina la kila anayejitolea, jukumu lake, siku aliyoanza na siku aliyomaliza, na kila anayeondoka apewe barua yenye mambo hayo manne na saini ya mhusika. Gharama yake ni karatasi na wino. Lakini kwa kijana asiyewahi kuajiriwa, barua hiyo inaweza kuwa ushahidi wake wa kwanza mbele ya watu wasiomjua.

Wazazi nao wasingoje mpaka tangazo litoke. Mtoto wa kidato cha pili aliyepewa daftari leo, akaandika kila jukumu analokabidhiwa na tarehe yake, hatakosa la kuandika siku atakapomaliza shule. Na mzazi anayetaka mwanawe awe na wasifu mzuri amkabidhi mambo: fedha kidogo azitunze, mdogo wake amfundishe, funguo azishike. Kijana ambaye hajawahi kuaminiwa na nyumba yake atapata tabu kuwashawishi wageni wamwamini.

Tumalizie kwa kukumbusha kuwa karatasi haitoi riziki. Kijana anaweza kuandika wasifu mzuri na asiitwe mara ya kwanza, wala ya tano. Ajitahidi, autazame upya wasifu wake, aongeze tendo jipya kwa kujitolea mahali fulani wakati anasubiri, na moyo wake umtegemee Mola wake. Cha msingi ni kwamba siku atakapoitwa na kuulizwa kuhusu kila mstari alioandika, ajibu bila kutetemeka, kwa sababu kila mstari aliuishi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya riziki za halali, awaepushe na udanganyifu, na azijaalie familia zetu ziwe za kwanza kuuona wema wa watoto wao na kuushuhudia kwa haki. Amin. Wabillahi tawfiq.